Insha 64 za methali: kila kosa lipigiwe mstari?

Kalamu Nyekundu
Hamjambo walimu. Insha 64 za kidato cha tatu, swali ni kisa cha kudhihirisha maana ya "Mchelea mwana kulia hulia yeye". Nikipigia kila kosa mstari, insha moja inakula dakika 15 na karatasi inageuka machinjioni. Kuna aliyeandika "huria yeye" kutoka kichwa hadi tamati, kwa hiyo mzazi badala ya kujuta amepata uhuru. Mwingine kamzika mwana aya ya tatu, kisha aya ya tano "marehemu aliomba msamaha akarudi shuleni". Je, hiyo r na l ni kosa moja au makosa 20? Na aliyesimulia utukutu wa mwana tu, mzazi haonekani kabisa, apewe ngapi?

Pambizo
Mwalimu, weka kalamu chini kwanza. Soma mara moja bila kupiga chochote, uamue kiwango, kama kwenye KCSE (mtihani wa kidato cha nne Kenya): D ni alama 01-05, C 06-10, B 11-15, A 16-20. Andika herufi kwa penseli pembeni. Ndipo urudi na wino. Ukianza na makosa utamshusha mwenye kisa kizuri kwa sababu ya ngeli, na umpandishe mwenye hati safi asiye na kisa.

Kosa huonyeshwa linapotokea mara ya kwanza tu. Sarufi mistari miwili chini, tahajia mmoja, msamiati usiofaa ×, neno lililoachwa ^. "Huria" ikirudi mara 20 ni mstari mmoja. Akiandika pia "kurara", hilo ni neno jingine, lipigie.

Methali ina pande mbili: kudekeza, na kilio cha mzazi. Aliyeishia upande mmoja asipite C, hata lugha iwe asali. Wa marehemu umsome vizuri: kama mzazi alilia kwenye maziko, maana ya methali imetimia, na ufufuo utamgharimu kwenye mtiririko. (Kwenye barua rasmi ungekuwa na kazi nyingine, maana asiyezingatia sura, yaani mpangilio wa barua, huondolewa alama 4 baada ya kutuzwa.)

Chaki Moja
Naongeza la urefu, hapo ndipo wanafunzi hutupiga chenga. Herufi zinatanuka kama mpira ili ukurasa ujae. Hesabu maneno ya mistari mitatu ya katikati, utafute wastani. Kwa insha ya maneno 400, mwenye maneno 9 kwa mstari anahitaji ukurasa mmoja na nusu, mwenye 7 kurasa mbili. Usihesabu mstari wa kwanza wala wa mwisho wa aya, utapotoshwa.

Halafu ule utangulizi wa kukariri: jogoo wamewika, miale ya jua imepenya dirishani, ndege wanatumbuiza. Aya nzima, na methali haijagusika! Usiutuze kama ufundi wa lugha. Dalili yake ni kwamba aya ya kwanza haina kosa hata moja, ya pili inaanza na "mtu ambayo".

Mama Ngeli
Dakika 15 ni nyingi mno. Ukifika 6, insha 64 ni saa 6 na dakika 24. Gawa mafungu manane ya insha nane, kila fungu dakika 48, kisha inuka. Kabla ya yote chagua tano bila mpangilio, zisahihishe, na ukimaliza rundo uzirudie. Zikipishana kwa zaidi ya alama 2 ujue mkono ulilegea au ulikaza njiani.

Lakini Pambizo, mistari peke yake haimfundishi mtoto. Weka karatasi ya pembeni ya kuhesabia makosa ya darasa zima: "ana enda" wangapi, "kwasababu" wangapi, "mtoto yake" wangapi, "ngombe" bila kibainishi wangapi. Matatu yanayoongoza ndiyo somo la kesho, dakika 40. Kwenye insha yenyewe andika sentensi moja tu, na iwe ya kutendeka: "Onyesha mzazi akijuta, aya moja." Ukiandika "Jitahidi zaidi" umepoteza wino.

Kalamu Nyekundu
Asanteni. Na huyu aliyeandika "mwana alizaliwa akiwa mdogo sana"?

Pambizo
Sarufi iko sawa. Muache.