Maji ya mashimo ya kokoto: ni taka au ni matumizi? (Mjadala)

Mkazi wa Mtongani:
Ndugu zangu, salaam. Ninaleta hoja moja na ninaomba tubaki nayo. Katika jiji hili la Dar es Salaam anayechimba kisima cha biashara anatakiwa kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu chini ya sheria ya mwaka 2009, na maji anayoyavuta huyalipia. Mwenye machimbo naye huvuta maji, tena kwa pampu inayonguruma usiku kucha ili shimo lisijae, isipokuwa yeye hayauzi, bali huyamwaga mtaroni yakiwa meupe kwa tope la chokaa. Kisima changu sasa kina chumvi. Sisemi kwamba shimo peke yake ndilo lililoileta, kwa sababu tangu ukame wa mwaka 1997 visima vimechimbwa ovyo katika ukanda wote wa pwani, lakini shimo ambalo kina chake kimepita kina cha kisima changu haliwezi kudai kwamba halihusiki. Je, maji hayo yahesabiwe kuwa taka tu, au yahesabiwe na kulipiwa kama matumizi mengine ya maji?

Mzee wa Krasha:
Nimekula mkate wa mawe kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa uzoefu. Watu wa mazingira wakifika wanataka vumbi lizimwe kwa kunyunyizia maji kwenye krasha, yaani mashine ya kusagia mawe, na kwenye njia ya malori. Watu wa maji wakifika wanauliza kwa nini tunatumia maji mengi. Wote wana haki, lakini hawajawahi kuja siku moja wakakaa meza moja. Mimi nilichofanya ni kuchukua maji yale yale ya shimoni, nikayapitisha kwenye mabwawa mawili ya kutuamisha tope, kisha nikayanyunyizia kwenye vumbi. Chembe nene huzama kwa dakika chache, ila udongo laini huning'inia siku kadhaa, na bwawa likishajaa tope maji hupita juu yake kama yanavyopita juu ya sakafu. Ni lazima lichotwe. Likichotwa, tope hilo liende wapi? Hapo ndipo sheria ya taka inapoingia, nami sijaona mkaguzi aliyekuwa na jibu zaidi ya kunionyesha kifungu.

Sitaficha jinsi wenzangu wanavyoitikia sheria. Mkubwa huajiri mtaalamu wa kumwandikia tathmini nene ya athari kwa mazingira, wa kati huomba muda hadi mkaguzi ahamishwe, na mdogo huchimba usiku. Hata hivyo, kwa heshima zote, shimo lilikuwepo kabla ya nyumba. Aliyenunua kiwanja cha bei rahisi kando ya shimo alijua ananunua nini.

Binti Salasala:
Mzee wangu, shikamoo. Maelezo yako ya mabwawa nimeyasoma na nimejifunza, lakini hilo la mwisho limenichoma. Marehemu baba hakununua kiwanja cha bei rahisi. Alipewa kwa barua, akalipa ada, akajenga chumba kimoja kimoja kadiri mshahara ulivyoruhusu, na wakati huo shimo lilikuwa mbali kiasi kwamba tuliambiwa tusiende kuchezea huko kwa sababu tungechoka kurudi. Leo baruti zikilipuliwa, vikombe vinagongana kabatini. Nyumba haikusogea hata inchi moja. Sasa niambie, kati ya nyumba na shimo, ni nani aliyemfuata mwenzake?

Mpita Njia:
Mnazozana bure. Uingereza walimaliza suala hili tangu miaka ya tisini: kila tani ya mawe ina kodi na kila tone la maji ya shimoni linalipiwa. Huku kwetu kila mtu anavamia, kuanzia wenye makrasha hadi wale akina mama wanaogonga kokoto kando ya shimo na kutufukizia vumbi.

Mjukuu wa Wazo:
Ndugu Mpita Njia, umechanganya mafaili. Kilichoanza miaka ya tisini ni ushuru wa kufukia taka ardhini, mwaka 1996. Kodi ya kokoto ilianza Aprili 2002 kwa pauni 1.60 kwa tani, na kifusi cha majengo kinachosagwa upya hakitozwi, ili mjenzi ashawishike kutumia kifusi badala ya kuchimba mlima mpya. Kuhusu maji ndipo penye kichekesho: machimbo ya England na Wales yalikuwa yamesamehewa vibali vya kukausha mashimo kwa miaka mingi. Sheria ya kuondoa msamaha huo ilipitishwa mwaka 2003, lakini ikaanza kuuma tarehe 1 Januari 2018, na hata hapo wenye machimbo wakapewa hadi mwisho wa 2019 kuwasilisha maombi. Mzee wa Krasha anasema mtu wa kati huomba muda hadi mkaguzi ahamishwe. Wenzake wa kule wamekaa miaka 15 bila kumhamisha mtu.

Bi. Nyundo:
Mimi ni mmoja wa hao akina mama waliotajwa kama vile ni nzi. Nagonga mawe, nauza kwa ndoo kwa anayejenga choo na kwa lori kwa mwenye uwezo, na kwa nyundo hiyo nimesomesha watoto watatu. Vumbi ninalolitoa huanza kunilisha mimi kabla halijamfikia Mpita Njia. Sijawahi kumiliki pampu, sijalipua baruti, na tope langu linaenea kwenye karai. Ila operesheni ikija, gari husimama kwetu kwanza, kwa sababu sisi tumekaa barabarani na krasha ina geti na mlinzi. Ninamwomba Mpita Njia afafanue neno "kuvamia", kwa kuwa banda langu lina risiti za ushuru ambazo huenda hata yeye hana kwa gari lake.

Mpita Njia:
Dada, sikukusudia dharau. Nilizungumzia vumbi, na vumbi halina risiti.

Wakili wa Uani:
Suala la nani alitangulia lilikwisha kufika mahakamani, tena hapo hapo Kunduchi, iliko Mtongani. Nakumbuka kesi ya miaka ya themanini ambapo wakazi kama mia tatu waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka mtaani kwao, nao wakashinda.

Mjukuu wa Wazo:
Ya themanini ni ya Tabata, iliyofunguliwa 1988. Jiji lilipozuiwa kule, likahamishia taka Kunduchi Mtongani, na wakazi 795 wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991. Hoja iliyobeba uzito katika kesi hizo ilikuwa haki ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba, wala haikuwa mbio za kuwahi kufika.

Wakili wa Uani:
Nashukuru kwa masahihisho, ingawa ningependa kukumbushwa bila kuhesabiwa vichwa. Nina nyongeza moja. Leseni ndogo ya uchimbaji chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haizidi miaka 7. Mwenye shimo akisema "nilitangulia", amesema kweli kuhusu shimo, lakini leseni yake imezaliwa upya mara kadhaa, na kila inapozaliwa inazikuta nyumba zikiwa zimesimama. Aliyezaliwa jana hawezi kumwita mtu mzima mgeni.

Mzee wa Krasha:
Wakili, maneno matamu hayapasui jawe. Mkitufunga sisi, kokoto itatoka Lugoba, ng'ambo ya Chalinze, na kila tripu mtailipia mafuta ya lori. Kule nako kuna watu na visima vyao, ila wao hawapo hapa kuandika. Ni kweli kwamba jiwe la Lugoba ni gumu na letu ni chokaa lisilofaa kwa kila zege, lakini mwenye kujenga uzio hana haja ya jiwe la reli. Na mtakaofurahia kufungwa kwetu mtamwona mchimba mchanga akishuka Mto Tegeta na Mto Mpiji usiku, ndani ya zile mita 60 ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazilinda, bila bwawa la tope wala karatasi yoyote. Mimi angalau mnajua geti langu lilipo.

Binti Salasala:
Geti tunalijua, mzee wangu. Tunachouliza ni lilipokuwa mwaka ule baba alipopewa barua.

Mkazi wa Mtongani:
Naomba niwarudishe. Mzee wa Krasha amekiri kwamba maji ya shimoni anayatumia kuzimia vumbi. Basi sehemu hiyo ni matumizi, na ipimwe kwa mita kama ninavyopimiwa mimi. Inayobaki, inayokwenda mtaroni, ndiyo taka, na iwe na kibali cha kutiririsha pamoja na kipimo cha tope kilichomo. Sioni ugumu wa kutenganisha mambo hayo mawili. Je, mzee, uko tayari kufunga mita kwenye pampu yako?

Mzee wa Krasha:
Mita nitafunga siku ambayo jirani zangu wenye visima vya kuuza maji kwa maboza watafunga za kwao. Kuhusu geti, nina ramani ya zamani ya eneo lile, na nyumba ya mzee wake Binti Salasala haimo.

Binti Salasala:
Barua ya baba nimekwisha kuipiga picha. Weka ramani yako hapa, mzee wangu, iwe na tarehe.

Bi. Nyundo:
Nami ninasubiri hiyo ramani, nione kama banda langu limo.