Dawa za kusafisha amiloidi ubongoni: zinastahili bei yake?

Kipanga: Wakuu, Juni 2025 NICE, taasisi inayoishauri NHS ya Uingereza ilipie dawa zipi, ilizikataa lecanemab na donanemab, dawa za Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, katika rasimu yake ya mwisho: faida ndogo, gharama kubwa. Nawaunga mkono. Sibishi kwamba beta-amiloidi, protini inayorundikana ubongoni ambayo dawa hizi huisafisha, ni sumu. Vipande vyake vikishikana vichache vichache, kabla hata ya kuganda kuwa madoa, huvuruga sinapsi, pale seli moja inapoipasha nyingine habari. Sinapsi inayotumika sana inatakiwa iimarike, ndivyo jambo linavyokaa kichwani. Vipande vikiwepo, haiimariki. Ndiyo maana mtu anakumbuka nyimbo za utotoni, ila chai aliyokunywa sasa hivi anaidai tena. Lakini kusahau kunaendana zaidi na tau, ile protini inayoshikilia mirija ya kusafirishia vitu ndani ya seli, inapobanduka na kujisokota. Wapo wazee wamejaa amiloidi na hesabu za duka wanapiga vizuri tu. Jaribio la lecanemab lilikuwa na watu 1,795, miezi 18. Tofauti na waliopewa dripu isiyo na dawa, ya kulinganishia? Pointi 0.45 kwenye kipimo cha makali ya ugonjwa chenye pointi 18. Mnaita hiyo tiba?

Mama Salma: Kaka Kipanga, wewe unasoma pointi, mimi namwogesha mama mkwe. Jana kanishika mkono: "Mwanangu, wewe wa nani?" Miezi michache tu ya kulijua jina langu, ningeichukua. Halafu wanaorithi jeni mbovu ya amiloidi wanaugua na miaka 40 na kitu. Hapo nani kaanza, tau?

Mzee wa Maabara: Dada ana hoja. Amiloidi inawasha, tau inateketeza. AZT, dawa ya VVU ya 1987, nayo peke yake haikutosha, mpaka dawa zilipounganishwa tatu tatu.

Kipanga: AZT nakubali. Ila lecanemab msiiongelee kama kidonge. Ni dripu kila wiki mbili, na picha kadhaa za MRI za kuangalia ubongo kuvimba au kuvuja damu. Uvimbe ulionekana kwa asilimia 12.6 ya waliopewa dawa. Na inawafaa walio mwanzoni tu. Kwa mama mkwe wako, samahani dada, imeshachelewa.

Mama Salma: Najua, kaka. Siulizii yake. Naulizia ya mwanawe. Ana miaka 58, juzi kanunua luku mara tatu asubuhi moja.