Mfumo wa SACCOS: ujengwe wote kwa mkupuo au kipande kipande?

MwaloKibirizi: Wakuu habari za leo. Niko Kigoma, SACCOS yetu ya wauza dagaa inataka kuachana na madaftari. Tuna vijana wawili wa IT, wa kwanza anataka tuandike mahitaji yote, tusaini, arudi baada ya miezi sita na mfumo mzima. Wa pili atatupa kipande kila wiki mbili tunatumia huku anaendelea. Bei hazipishani sana, bodi inakaa Jumamosi. Nishaurini.

Fundi_Ujiji: Mkuu umeacha yote ya maana. Wanachama wangapi? Akiba tu au na mikopo? Nani anaingiza data? Umeme ukikatika mnafanyaje?

MwaloKibirizi: Samahani mkuu. Wanachama 212, akiba na mikopo, mhasibu na karani mmoja. Umeme unakatika, jenereta hatuna.

MamaAsali_TBR: Mwanangu, mimi niko Tabora, ushirika wetu wa asali tulifanya hiyo ya kusaini kila kitu. Miezi minane, tukakabidhiwa mfumo unang'aa kweli kweli. Msimu umeanza, foleni hadi barabarani, ndoo ziko chini juani, karani anaandika kilo, anabonyeza kuhifadhi, umeme huo unakata. Unarudi, haoni kitu kwenye skrini, anaandika upya, kumbe ule wa kwanza ulishaingia. Mzee kaleta ndoo 3, mfumo unasema 6. Tumekuja kujua wiki ya malipo, hela hazilingani na asali iliyoko ghalani, na aliyeshukiwa wizi ni yule binti karani. Alilia mbele ya mkutano mkuu. Stakabadhi za mkono zenye kaboni ndizo zilizomwokoa, na mimi nilienda kwao kuwaomba radhi wazazi wake. Kurasa 40 tulisaini, hakuna mstari hata mmoja uliouliza umeme ukikata katikati inakuwaje.

kijana_sprinti: Pole sana mama. Ndiyo maana nasema chukua wa pili, hilo tatizo mngeliona wiki ya kwanza. Hata Royce, mtaalamu wa programu wa Marekani aliyeichora wotafoli (hiyo njia ya kumaliza hatua moja yote ndipo uende nyingine) mwaka 1970, aliandika mwenyewe kwamba kuifuata moja kwa moja vile ni hatari.

Mkaguzi77: Hela za watu hazifanyiwi majaribio ya wiki mbili mbili dogo. Leo riba inakokotolewa hivi, kesho vile, mwanachama atamwamini nani? Lazima kanuni za mkopo ziandikwe na kusainiwa kwanza.

Fundi_Ujiji: Mnagombania njia, hatari hamjaigusa. Roketi ya Ulaya Ariane 5 mwaka 1996 ilibeba programu ya roketi ya zamani, Ariane 4, namba ya biti 64 ikalazimishwa kukaa kwenye nafasi ndogo ya biti 16, roketi ikalipuka haijamaliza hata dakika moja angani. Hakuna aliyeijaribu kwa mwendo wa roketi mpya. Mkuu kabla ya Jumamosi kaa na mhasibu na karani mfanye FMEA, yaani kuchambua kitu kinaweza kuharibikaje na madhara yake, wanajeshi wa Marekani walianza nayo 1949. Kila hatua uliza itaharibikaje, halafu pima 1 mpaka 10: madhara, kutokea, ugumu wa kugundua. Zidisha. Rejesho kuingia mara mbili: 8 × 6 × 9 = 432. Karani kusahau nywila: 3 × 7 × 1 = 21. Dawa ya hiyo 432 ni kila stakabadhi iwe na namba yake, namba ikirudi mfumo uikatae.

Mkaguzi77: Hiyo ya kuzidisha inadanganya. Leptopu yenye data zote kuibiwa: 10 × 2 × 1 = 20. Iko chini ya nywila? Ukiona 10 kwenye madhara shughulika nayo kwanza, hesabu baadaye.

Fundi_Ujiji: Hapo nakubali. Bakapu kila jioni, ilale jengo jingine.

kijana_sprinti: Lakini leptopu si ina betri, umeme unawasumbua nini?

MwaloKibirizi: Betri ilishakufa, ikichomolewa tu inazima. Tunafikiria sola.

MamaAsali_TBR: Sola sisi tunayo, betri angalieni sana, ya kwanza yetu haikumaliza msimu. Usitupe madaftari mwanangu.

MwaloKibirizi: Asante mama. Mliweka betri ya ukubwa gani? Na huyo wa miezi sita nimemuuliza mambo ya umeme, amesema atayaongeza kwenye mkataba ila bei inapanda.