Naomba ushauri: springi zinakatika baada ya kupakwa zinki kwa umeme

Ndugu wataalamu, katika karakana yangu hapa Ujiji, Kigoma, bolti za boti ninazozipaka zinki kwa umeme hazijanisumbua, lakini springi za chuma kigumu, ambazo nazo huzisafisha kwanza kwa asidi, hukatika siku chache baada ya kufungwa, ingawa zinki yenyewe imeshika vizuri. Nafahamu kwamba hidrojeni inayotokea kwenye asidi na kwenye kathodi (ncha hasi ya umeme, yaani chuma chenyewe kinachopakwa) hupenya ndani ya chuma cha namna hiyo na kukidhoofisha, na kwamba hutolewa kwa kukioka mapema baada ya kukipaka, kwenye nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Je, tanuri la mkaa laweza kutunza joto hilo bila kuyumba, au niache asidi nitumie msasa? Naogopa sana springi imkatikie mvuvi katikati ya ziwa.