Tupeane uzoefu: mliokwenda kuskii (kuteleza kwenye theluji) kwa kundi milima ya Ulaya

Mleta mada (London)
Wadau habari zenu. Kikundi chetu cha Wabongo na Wakenya huwa tunachangishana tunapanga nyumba Val Thorens, Ufaransa, na kila msimu naulizwa yaleyale inboksi, nikaona bora kila mtu aje amwage ya kwake hapa.

La kwanza viza. Kama una pasi ya Tanzania au Kenya, hata uwe na makazi ya Uingereza, Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, lazima, na unaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari, sasa mchango wa nyumba ukianza tu na maombi yaanze. Kuna dada alilipa kila kitu viza ikachelewa tukaondoka bila yeye, roho iliniuma sana.

La pili, na hili nalisema kwa nguvu zote, lipieni mwalimu. Rafiki anayejua kuskii sio mwalimu jamani. Mwalimu anakuanzishia tambarare, unavaa skii mguu mmoja unajisukuma na mwingine, halafu mbili, halafu unajifunza kukutanisha ncha za mbele na kutanua visigino, wanaita piza, na hiyo ndo breki yako. Rafiki anakupandisha lifti mpaka juu kwenye njia nyekundu anakwambia nifuate. Ufaransa njia kuanzia rahisi mpaka ngumu ni kijani, bluu, nyekundu, nyeusi, na mgeni mahali pake ni kijani, basi. Nimeshaona mtu mzima amekaa kwenye theluji katikati ya mteremko analia, kupanda hawezi kushuka hawezi, na mwenzake keshapotelea chini.

Halafu maharage! Val Thorens iko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, maharage unapika mpaka usiku wa manane bado yanagonga meno. Bebeni ya kopo au presha kuka.

Mdau wa Munich
Nakazia hapo kwa mwalimu. Sisi huku kundi letu tunaanzia Garmisch, treni saa moja na nusu hivi kutoka Munich, unakwenda asubuhi unarudi jioni, mtu anapima kama anaupenda huo mchezo kabla hajatoa hela ya wiki nzima.

Dukani mnapokodi vifaa semeni uzito wa kweli tafadhali. Yule fundi anaukaza mtego unaoshika buti kwa kuangalia kilo zako, urefu, umri na kama ni mgeni, ukijiongezea kilo buti halichomoki ukianguka na goti ndo linalipa. Na soksi ni MOJA ndefu nyembamba. Watu wetu kwa kuogopa baridi wanavaa tatu, buti linabana damu haipiti, vidole ndo vinazidi kuganda. Kisigino kikae nyuma kabisa, funga vifungo vya juu kwanza, ukipiga goti mbele vidole visiguse ncha ya buti.

Dada wa Geneva
BIMA. Mwenzetu alivunjika mguu na helikopta ikaja kumchukua, bila bima ya milimani sijui tungechangisha mpaka lini. Ile bima ya Schengen ya euro 30,000 someni ndani kama michezo ya theluji imo, nyingi haimo. Ufaransa ukinunua pasi ya lifti wanakuuliza kama unaongeza bima kwa euro chache kwa siku, ongeza tu usibishane.

Na sheria inayookoa watu, aliye mbele yako chini ndo mwenye haki ya njia, wewe wa juu ndo wa kumkwepa. Ukitaka kupumzika sogea pembeni, usisimame chini ya tuta watu wa juu hawakuoni.

Mkenya wa Oslo
Huku Norway sisi tulianza na skii za tambarare, zile kisigino kinainuka, na ukiwa Mkenya watu wanakukumbusha Philip Boit. Nagano 1998, Mkenya wa kwanza Olimpiki ya majira ya baridi, akamaliza mbio za skii za kilomita 10 akiwa wa mwisho na Bjørn Dæhlie aliyeshinda dhahabu akamngoja pale mwishoni akamkumbatia. Boit akampa mtoto wake jina la Daehlie. Mimi hiyo stori hunigusa kila nikiisimulia. Halafu 2018 Sabrina Simader akatuwakilisha kwenye miteremko, Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. So wasikwambie hii si michezo yetu.

Mama wa Dar
Nilimfuata mwanangu Uswisi, miye sikuskii na likizo yangu ilikuwa nzuri tu. Ulizeni pasi ya watembea kwa miguu, unapanda kwa kebo unakula nao juu unashuka kwa kebo. Ila jipakeni losheni ya jua wanangu, theluji inarudisha jua usoni, mie mweusi huyu pua ilibabuka.

Mdau wa Munich
Mleta mada, msimu gani bei nafuu?

Mleta mada
Januari baada ya mwaka mpya, watoto wakirudi shule. Februari likizo za shule Ufaransa na Uingereza zinagongana, nyumba inapanda mno na foleni ya lifti inachosha. Wenye watoto wa shule ndo hamna jinsi, nyie wekeni nafasi mapema tangu kiangazi, na darasa la watoto mlikate siku hiyohiyo mnayokata nyumba.