Mjadala: Fundi aruhusiwe kuunda au kutengeneza bunduki nyumbani kwake?

Seremala wa Jinja (mleta mada)
Wakuu, salaam. Mwezi uliopita mzee mmoja alinijia karakanani na kitako cha bunduki ya marehemu babake, kakifunga kwenye gunia. Kitu cha zamani, cha enzi za kuwinda. Mti umepasuka shingoni na vanishi imebabuka. Cheti cha kumiliki anacho, na bunduki yenyewe kaiacha nyumbani ndani ya sanduku la chuma. Alichotaka ni nipige msasa, nizibe ufa, kisha nipake mafuta ya kitani mkono juu ya mkono mpaka mti urudishe sura yake. Ingekuwa mlango au kitanda nisingefikiri mara mbili. Mama watoto akanitazama akasema, "Ukishikwa na hicho kitu, mimi usinitaje."

Nikaanza kusoma. Marekani, sheria ya taifa zima humwachia raia ambaye hajakatazwa kumiliki silaha ajiundie bunduki yake mwenyewe, mradi hafanyi biashara, ingawa majimbo kadhaa yamebana. Mtu ana meza, jiliwa, tupa na drili, basi. Hapa kwetu Uganda tuna Sheria ya Silaha ya 1970, na kila hatua inadai karatasi ya serikali. Hoja yangu: fundi mwenye karakana inayojulikana hadi kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, apewe leseni ndogo ya kutengeneza, na akiaminika, ya kuunda bunduki za kuwinda. Mnasemaje?

Wakili mdogo, Kampala
Ndugu seremala, umetia vitu vitatu kwenye chungu kimoja. Kupaka mti mafuta ni jambo moja. Kugusa chuma ni la pili. Kuunda bunduki mpya ni la tatu kabisa, na hapo mkono wa Uganda umefungwa hata na makubaliano ya nje: Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo inataka kila bunduki ipigwe alama inapotengenezwa, na kufuta alama hiyo kuwe kosa la jinai. Itifaki hiyohiyo inawakataza raia bunduki zinazojipakia zenyewe.

Usisahau namba. Ukisugua chuma kuondoa kutu ili ukipe upya ile rangi nyeusi yenye ubuluu, tupa haijui kusoma. Inapita juu ya namba kama inavyopita juu ya kutu. Wewe utasema ulikuwa unapendezesha. Mpelelezi atasema ulikuwa unaficha. Na hao Wamarekani unaowatamani wameanza kurudi nyuma kidogo: mwaka 2022 serikali yao iliweka kanuni kwamba seti nyingi za vipande vya kujiundia bunduki zihesabiwe kama bunduki, ziwe na namba, na mnunuzi achunguzwe. Machi 2025 Mahakama yao ya Juu ikaiacha kanuni isimame.

Usiniulize kama kitako peke yake ni silaha. Swali hilo nalijibu ofisini, kwa ada.

Fundi vyuma, Katwe
Mimi nasema kama mtu wa tupa na moto. Katwe hakuna kinachotushinda: mashine ya kusaga, jiko, geti, mtambo wa matofali. Mkono upo. Lakini leseni hiyo siitaki, hata mkinipa bure.

Kwanza, bomba la maji halikuzaliwa kubeba kishindo cha baruti. Likipasuka, linapasuka usoni kwa aliyeshika. Pili, mteja. Aliwahi kuja kijana hapa na mchoro kwenye simu, anaongea taratibu kama anayeulizia bei ya sufuria. Nilimwambia mashine imeharibika. Sasa nikiwa na leseni ukutani, huyo nitamwambia nini? Na wenzake watakaokuja usiku kutafuta nilichoficha? Seremala, wewe unawazia mzee mwenye gunia. Mimi nawazia foleni nyuma yake.

Boda wa Mbale
Basi tufunge na wahunzi wa mapanga? Masaka 2021, bijambiya, wale wauaji wa mapanga, waliua wazee zaidi ya 20, na hawakuwa na bunduki. Hakuna aliyesema panga liandikiwe leseni.

Fundi vyuma, Katwe
Panga linakata muhogo pia, ssebo.

Askari mstaafu, Bombo
Vijana, kiwanda kipo tayari, Luwero Industries kule Nakasongola, na ni cha jeshi. Anayetaka kuunda bunduki akaombe kazi huko. Na mjue kuwa hata silaha zenye namba zimetusumbua. Mei 2023 waziri Engola alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe, kwa bunduki ya serikali. Mbunge Abiriga alipouawa kwa risasi Juni 2018, serikali ikasema kila bunduki ichukuliwe alama zake, ili risasi ikiokotwa ijulikane imetoka mtutu gani. Sasa mtutu uliochongwa nyuma ya nyumba utaulinganisha na daftari lipi?

Mfugaji wa Moroto
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mnazungumza kama jambo hili halijawahi kufanyika Uganda. Limefanyika kwetu.

Kabla ya 1979, bunduki za maana zilikuwa za watu wachache hapa kwetu Karamoja, kaskazini mashariki. Walioshindwa kuzipata walijiundia kwa mabomba ya chuma, na jina zilikuwa nalo: amatida. Zana chache, wahunzi walewale waliotengeneza mikuki na kengele za ng'ombe. Wazee wanazisimulia hadi leo wakicheka na kusikitika kwa pamoja, maana ilikuwa silaha ya mtu aliyekata tamaa. Unapiga mara moja, halafu unaanza kutafuta njia ya kukimbia.

Amin akaanguka Aprili 1979, askari wake wakakimbia kambi ya Moroto, ghala likabaki wazi. Watu wakabeba walichoweza, hata kwa punda. Amatida ikafa siku hiyohiyo, haikufa kwa sheria wala kwa msako. Iliuawa na bunduki bora zaidi. Kilichofuata mnakijua: wizi wa mifugo wa kumaliza zizi zima, kukusanya silaha kuanzia Desemba 2001, tena kwa nguvu 2006, tena operesheni ya Usalama Kwa Wote tangu Julai 2021. Mara tatu. Askari waliokuja na malori hawakumuuliza babangu kama yake ni ya kiwandani au ya mhunzi. Walimlaza chini kwanza.

Kwa hiyo leseni ya seremala wa Jinja sina ugomvi nayo. Swali langu ni moja: mhunzi wa Kaabong, hukuhuku Karamoja, naye ataipata? Au itakuwa leseni kwa watu wa lami, na kwetu malori?

Dereva wa lori, Mutukula
Ng'ambo ya mpaka Watanzania wana magobore yao vijijini, ya kulinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani. Serikali yao hutangaza vipindi vya msamaha watu wasalimishe yasiyo na kibali. Mengine yanarudi, mengine yanabaki darini. Nguruwe nao hawajasaini itifaki.

Seremala wa Jinja (mleta mada)
Nimekubali nusu. Kuunda, naondoa hoja; fundi wa Katwe kanimaliza kwa ile foleni yake. Chuma sitakigusa, wakili kanitisha na tupa isiyosoma. Lakini kwa mti bado nasimama. Kama cheti kinatambua mwenye bunduki, hakishindwi kutambua fundi aliyeziba ufa: tarehe, namba, sahihi, nakala kituoni. Mfugaji, na mhunzi wa Kaabong awe na daftari hilohilo, la sivyo lisiwepo kabisa.

Kitako bado kiko juu ya kabati, ndani ya gunia lake. Nimempigia mzee simu aje Jumamosi na cheti, twende wote polisi tukaulize kabla sijashika msasa. Kanicheka sana. Anasema babake angenipiga bakora kwa kuogopa mti.

Boda wa Mbale
Tupe majibu Jumatatu. Kama utakuwa nje.