Msaada wakuu: GPU nyuzi 69, memori 108. Niifungue kadi au niiuze?

mchoraramani
Wakuu, habari za humu. Nina kadi ya picha ya RTX 3080 ya GB 10, toleo la feni tatu, nimeinunua mtumba mwezi wa tatu. Aliyeiunda simtaji, nisije nikaanzisha vita vya mashabiki. Nachora ramani za nyumba na kurenda (kompyuta inageuza mchoro kuwa picha kamili) kwa programu ya Blender hapa Dar. Chumba hakina AC, mchana kipimajoto cha ukutani kinasoma 31.

Tatizo: nikianza kurenda, dakika kumi za mwanzo mambo safi. Baada ya hapo picha iliyokuwa inakamilika kwa dakika 4 inaanza kula 6. Feni zimetulia, wala hazipigi kelele. Joto la GPU, yaani chipu kuu ya kadi, linacheza 68 hadi 69, kwa hiyo siku zote nilijua kadi ni nzima na mchawi ni draiva. Nimefuta draiva mara tatu! Juzi nikashusha HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, nikasoma mistari yote:

GPU 69
Hotspoti (sehemu ya GPU yenye joto zaidi) 83
Memori 108, mara nyingine inagusa 110

Hiyo ya mwisho imeninyima usingizi. Kadi imenigharimu hela ya kazi mbili nzima. Naombeni ushauri.

kifutu_tz
Uza haraka kabla haijafa. Hiyo imechimba Ethereum, sarafu ya mtandaoni, usiku na mchana mpaka Septemba 2022 walipoachana na uchimbaji. Memori ndiyo iliyokuwa inaliwa kule.

fundi_bisibisi
Kifutu acha kumtia mtu presha. Chipu zilizochimba zinaweza kuwa nzima kabisa, kinachochoka kwanza ni feni na pedi, vile vipande laini vinavyopitisha joto kutoka kwenye chipu.

Mkuu mchoraramani, kadi yako inatumia memori za GDDR6X. Zina kasi, ila zina joto, na zikifika 110 zinajipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Ndiyo hizo dakika 6 zako. Na feni kutulia kusikushangaze: kwenye kadi nyingi feni zinasikiliza joto la GPU tu. GPU ikisema 69, feni zinajua nyumbani amani, kumbe memori jirani yake inachemka.

Hotspoti 83 kwa GPU 69 ni tofauti ya 14, hiyo ni kawaida. Ingefika 25 au 30 ningesema pesti (ile krimu ya kupitisha joto juu ya GPU) imekauka au hitisinki, chuma cha kupoza, haijakaa sawa. Kwa hiyo mshukiwa wangu wa kwanza ni pedi za memori.

Ila kabla hujashika bisibisi, fanya hivi: weka feni za kadi asilimia 70 zisibadilike, renda dakika 15, andika namba. Kisha vua ubavu wa kesi, renda tena hivyo hivyo. Memori ikishuka nyuzi 8 au 10, kesi yako haipumui. Ikishuka 2 tu, ugonjwa uko ndani ya kadi.

baharia_muscat
Naongezea. Hao wanaopima kadi Ulaya wanapimia kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Wewe uko 31. Kila nyuzi ya chumba inapanda nayo karibu nyuzi moja kwenye kadi, kwa hiyo usilinganishe namba zako na zao moja kwa moja. Mimi huku Oman, AC ikizima tu naiona kwenye grafu.

mchoraramani
Mrejesho: kesi imefungwa 106, kesi wazi 104. Kwa hiyo ni ndani, siyo?

fundi_bisibisi
Ni ndani.

dada_waya
Mdogo wangu, kabla hujaagiza pedi nisikilize, maana mimi nimelipia somo hili. Kadi yangu ilikuwa 3080 pia, memori 106. Nikanunua pedi za milimita 2 kwa sababu kuna mtu mtandaoni alisema ndizo. Nikafunga, nikawasha, memori ikashuka hadi 80. Nikashangilia! Kisha nikaangalia GPU: 88, hotspoti 105. Pedi zilikuwa nene mno, zikaiinua hitisinki isiikalie chipu ya GPU vizuri. Unapoza chipu kumi za memori za pembeni, unaiunguza GPU ya katikati. Yangu ilitaka milimita 1.5.

Unene unatofautiana toleo hadi toleo, na ukipima pedi ya zamani utadanganyika kwa sababu imeshabonyea. Kama huna uhakika, tumia lile dongo la kupitisha joto linalouzwa kwenye kikopo. Linajaza mwanya wenyewe, likizidi linatoka pembeni. Linachafua mikono, lakini haliinui hitisinki.

Mambo mengine: waya za feni chini ya kava ni fupi, usivute kava kwa pupa utang'oa soketi. Skurubu nne za katikati zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo, usimalize moja ndio uende nyingine. Na pesti ya GPU uweke mpya, ukishafungua ile ya zamani haifai tena.

kijana_wa_nakuru
Samahani kuingilia. Mimi niko na RX 6700 XT, junction inasoma 95 nikicheza. Niogope?

fundi_bisibisi
Hapana. Hiyo ni hotspoti ya GPU, sio memori, na AMD wameiwekea kikomo cha 110. Endelea kucheza.

baharia_muscat
Mchoraramani, ukisubiri dongo lifike, shusha volti. Fungua programu ya MSI Afterburner, bonyeza Ctrl+F ifunguke grafu ya volti na kasi, ile nukta ya 850 mV iweke kwenye 1800 MHz, zilizo kulia kwake zote zilale usawa huo. Kadi ya 320 W itakula pungufu sana, na kasi unayopoteza ni kidogo. Memori zinatumia hitisinki moja na GPU, kwa hiyo nazo zitapata nafuu. Ikigoma au skrini ikizima, panda hadi 875.

mchoraramani
Wakuu nimerudi. Nimefungua jana usiku, mikono inatetemeka kama naiba. Pedi zilikuwa zinavunjika kama andazi la juzi, na mbili hazikuwa na alama yoyote ya chipu, maana yake hazikuwa zinagusa kabisa! Mafuta yametapakaa kuzunguka chipu, nimeyafuta kwa alkoholi ya isopropili na pamba za masikio, nimemaliza pakiti nzima.

Nimeweka dongo na pesti mpya. Kesi imefungwa, chumba 31, feni 70: GPU 66, hotspoti 79, memori 88. Nikashusha volti kama baharia alivyosema, 850 ikagoma, 875 imekubali. Memori sasa 82. Picha dakika 4 na sekunde chache, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini.

Limebaki jambo moja. Feni ya katikati imeanza kukwaruza ikiwa chini ya asilimia 40, ikizidi hapo inanyamaza. Nimeigusa kwa kidole, inacheza kidogo kwenye ekseli yake.

dada_waya
Hakikisha kwanza hujabana waya chini ya kava.

mchoraramani
Nimeangalia, waya uko huru.

fundi_bisibisi
Basi ni beringi. Igeuze feni, nyuma kwenye stika kuna namba ya modeli, tuwekee picha yake hapa.